UZI: Pishi, maji ya udhu na shimo la damu. Maandalizi ya kamati ya msikiti kuanzia Shaabani hadi Idi ya kuchinja

MwenyePishi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh wakuu.

Nafungua uzi huu kwa kamati za misikiti ya mwambao, bara na visiwani, zinazobeba kila mwaka kazi tatu: nafaka ya fitri (zaka ya kumaliza Ramadhani), maji ya udhu na nyama ya udhia (mnyama wa Idi ya kuchinja). Mara nyingi tunabishana hukumu peke yake, kisha Idi inafika mchele una fukusi, kisima kimekauka, na nyuma ya msikiti kunanuka damu. Humu naomba tuzungumze vipimo na kazi yenyewe.

Sharia imekuja na vipimo vyake: pishi, kibaba, theluthi, wasaki. Kipimo kikiachwa, israfu, yaani ufujaji, inaingia, na anayeumia ni maskini na ardhi kwa pamoja. Suratul An'am aya ya 141 imeamrisha haki ya mazao itolewe siku ya kuvunwa, na papo hapo ikakataza israfu. Mambo hayo mawili yamefungwa kwenye aya moja. Nitaeleza kwa madhehebu ya Shafii, maana ndiyo ya wengi wetu pwani. Wa madhehebu mengine wasahihishe panapotofautiana.

Naanza na fitri. Kila kichwa ni pishi moja ya chakula kikuu cha mji. Pishi ni vibaba vinne. Kumbukeni kwamba pishi ni ujazo, si uzito. Inakaribia lita 2.75. Mchele wa ujazo huo unapima kilo 2.3 hadi 2.4 hivi, mahindi yanapungua kidogo hapo kwa kuwa punje kubwa zinaacha nafasi katikati. Ndiyo maana kamati nyingi zimeweka kilo 2.5, na nyingine kilo 3 kwa tahadhari. Zote zinatosha kwa mchele. Kisichofaa ni kutangaza "kilo 2 na nusu" halafu kupimia mizani ya dukani ambayo haijakaguliwa.

Asiye na mizani atumie sado, lile kopo la kupimia nafaka sokoni. Sado nzima ni lita 4, kwa hiyo moja inamtosha mtu mmoja na kuzidi, na sado tatu zinawatosha watu wanne. Ila igeuzeni muitazame kitako kwanza. Sado iliyogongwa kitako kikaingia ndani inakula karibu kibaba kizima kila ukipima. Jazeni, pitisheni ubao juu, msishindilie.

Muda: inajuzu tangu Ramadhani inapoingia, inawajibika jua la siku ya mwisho likizama, na ubora wake ni kabla ya sala ya Idi. Kuichelewesha mpaka jua la siku ya Idi lizame bila udhuru ni haramu. Mtoto aliyezaliwa baada ya magharibi ya usiku wa Idi haimuwajibikii. Aliyefariki kabla ya magharibi hiyo pia haimo.

Kamati ni wakala tu. Mtu akikukabidhi pishi yake, wajibu wake haujaisha mpaka nafaka imfikie anayestahiki. Stoo ikifungwa na magunia yamebaki ndani siku ya Idi, mmewaingiza waumini matatani bila wao kujua. Kwa hiyo pokeeni kuanzia tarehe 15 Ramadhani, fungeni kupokea jioni ya 28, gaweni 28 na 29. Watakaochelewa waambieni wapeleke wenyewe kwa jirani.

---

Bi_Ukili

Waalaykumus salaam. Ahsante shekhe. Nina maswali mawili. Unga unafaa? Huku kwetu mtu anakula sembe, mahindi ya punje hata pa kuyasaga hana. La pili, wanaoleta pesa tuwajibu vipi?

---

MwenyePishi

Bi_Ukili, kwa Shafii unga hautoshi, wala nafaka yenye fukusi au iliyovunda. Inatakiwa punje nzima, yaani chakula kinachoweza kuwekwa akiba. Kama wanakula sembe na mashine ya kusaga iko mbali, toeni mchele ikiwa nao ni chakula cha kawaida hapo mjini.

Pesa: Hanafi wanaruhusu thamani, Shafii hawaruhusu. Njia inayokubalika na wote ni uwakala. Mtu anakabidhi pesa, kamati inamnunulia nafaka kwa niaba yake, na nafaka ndiyo inayogawiwa. Andikeni kwenye daftari: jina, idadi ya vichwa, kiasi, na neno "wakala wa kununua". Pesa hiyo isichanganywe na sanduku la msikiti hata kwa siku moja. Fitri haijengi choo, hainunui saruji, hailipi umeme. Ni ya watu.

---

Stoo_Kavu

Niongezee upande wa kuhifadhi, maana hapo ndipo mchele wa sadaka unapoharibika.

Mkipokea mahindi, jaribuni unyevu kwa chumvi. Chukueni chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tieni mahindi mpaka theluthi, ongezeni vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funikeni, tikiseni kwa dakika moja, acheni itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo. Mchele jaribuni kwa jino: punje kavu inakatika kwa mlio, mbichi inabonyea.

Magunia yapangwe juu ya chaga, si sakafuni, na yaachane na ukuta kiasi cha mkono kupita. Sakafu ya saruji pwani inapitisha unyevu usiku, gunia la chini linavunda huku la juu likionekana zima. Panya wana njia zao, na mlango wenye upenyo wa kidole gumba unatosha kuwapitisha.

Mahindi yenye ukungu yasitolewe kwa hoja kwamba "maskini ataosha". Sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Kisichofaa kuliwa nyumbani kwako hakifai kuwa fitri.

Gunia la kilo 50 kwenye karatasi ni watu 20 kwa kilo 2.5. Kwenye kazi, panga watu 19. Kuna kumwagika, kuna gunia lililopungua tangu dukani. Pimeni kila gunia linapoingia.

---

Kipozi

Wakuu, orodha ya wanaopewa mnaiandaaje? Kila mwaka wanaopata ni wale wanaosimama mlangoni.

---

MwenyePishi

Aya ya 273 ya Suratul Baqara imewataja mafukara ambao asiyewajua anawadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia. Hao hawaji mlangoni. Orodha iandikwe Shaabani, siyo kumi la mwisho. Kila mtaa uwe na watu wawili, mmoja awe mwanamke, kwa sababu mjane aliye eda au mwenye mgonjwa ndani hatazungumza na kijana wa kamati uani kwake. Andikeni idadi ya walaji katika nyumba, si jina la mkuu wa nyumba peke yake.

Mizigo ipelekwe usiku, imefungwa, na anayepeleka asiwe na kamera. Picha ya mama ameshika mfuko wa mchele haimsaidii yeye chochote.

---

FundiKoki

Naomba nihamie kwenye maji, maana Ramadhani ya sasa hivi imeangukia Februari na Machi. Ni ukingoni mwa kaskazi, masika bado, visima viko chini kuliko wakati wowote wa mwaka, na ndipo msikiti unapojaa kuliko wakati wowote wa mwaka. Hesabu hii ifanyeni kabla ya mwezi kuandama.

Chukua ndoo ya lita 10, ifungulie koki mpaka mwisho, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 75, koki hiyo inatoa lita 8 kwa dakika. Anayetawadha huku koki imefunguliwa dakika mbili anamaliza lita 16. Watu 100 kwa sala moja ni lita 1,600. Mtume, swallallahu alayhi wasallam, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano, na hadithi hiyo ya Anas imo kwa Bukhari na Muslim. Kibaba kimoja ni kama theluthi mbili ya lita. Chukua chupa ya maji ya lita moja, ijaze theluthi mbili, uitazame. Ndiyo hiyo.

Siwaambii mshuke mpaka hapo kwa siku moja. Anzeni na mambo ya fundi.

Kwanza, fungeni valvu ya bomba kuu linalotoka tangini mpaka koki itoe lita 3 kwa dakika. Pimeni kwa ndoo ile ile. Pimeni koki ya kwanza na ya mwisho kwenye mstari, maana ya mwisho inapata msukumo mdogo, na mkibana kupita kiasi wazee wa koki za mwisho watakosa maji kabisa.

Pili, badilisheni raba za koki zinazovuja. Tone moja kila sekunde hukaribia lita 20 kwa siku. Boya la tangi nalo likague, kwa sababu likichoka tangi linafurika usiku kucha na asubuhi hakuna aliyeona.

Tatu, koki za kubonyeza zinazojifunga zenyewe. Ni nzuri lakini zinanunuliwa bila kujua maji ya mahali. Kisima cha pwani kina mchanga na chumvi. Mchanga unakaa kwenye springi, koki inakwama wazi, na hapo inamwaga kuliko ya kawaida. Wekeni chujio kabla ya mstari wa koki, na lisafishwe kila Alhamisi. Koki ikibonyezwa na kumwaga kwa sekunde 20 mfululizo, haijarekebishwa. 5 hadi 7 zinatosha kwa kiungo kimoja.

Njia rahisi kuliko zote ni kopo lenye mdomo la lita moja na nusu kwa kila mtu, na sinki ya kujazia. Watu 100 ni lita 150.

---

Msomi_wa_Birika

Nimefurahi kusoma hapo kwa FundiKoki. Misikiti ya zamani ya Waswahili haikuwa na koki na haikumwaga. Kwenye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, pale msikiti mkuu bado unaona kisima, mfereji na birika vikifuatana. Maji yanatekwa, yanapita mferejini, yanatulia birikani, na mtu anachota kwa kata. Kila kata ina jasho la aliyeteka, na hilo peke yake linazuia kumwaga. Katika mabirika ya pwani walifuga samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wabaki na maji yao ndani ya bakuli. Mbu walizuiwa bila dawa yoyote.

Mnaofufua birika, angalieni ujazo. Kwa Shafii, maji yaliyo chini ya kulatini mbili yana hukumu yake: mtu akishanawa uso kisha akatumbukiza mkono bila kunuia kuchota, maji yanakuwa mustaamali, yaani yamekwisha kutumika na hayatawadhiwi tena. Kulatini mbili ni kama lita 216, sawa na sanduku la sentimita 60 kila upande. Jengeni birika la mita 1 kwa 1 na kina sentimita 60, hapo mna lita 600 na wasiwasi umeondoka. Kata iwe na mpini mrefu na ining'inizwe, isilale sakafuni.

---

Bi_Ukili

Na haya maji ya udhu yaliyokwisha kutumika, kwetu yanaingia kwenye shimo la choo. Yanafaa kwa mimea?

---

FundiKoki

Yanafaa sana dada. Mustaamali ni maji safi kisharia, ila hayatoharishi kingine. Mgomba hautawadhi, wewe upe tu. Tatizo ni bomba. Yakishaungana na ya chooni, hayafai tena kumwagilia chakula. Kwa hiyo mnapojenga, mfereji wa udhu uwe na njia yake peke yake tangu siku ya kwanza. Kutenganisha baadaye ni kuvunja sakafu.

Fanyeni duara la migomba. Chimbeni shimo la upana wa mita 2, kina chini kidogo ya mita 1, udongo mliotoa muutandaze kama tuta kuzunguka ukingo. Jazeni shimo makumbi ya nazi, majani makavu, vijiti. Bomba la udhu liishie ndani ya majani, lisionekane. Juu ya tuta pandeni migomba minne au mitano. Liwe mbali na msingi wa jengo mita 3 au zaidi. Mkiona maji yamesimama juu ya majani kwa zaidi ya siku mbili, shimo limezidiwa au limeziba kwa matope ya miguu. Chimbeni la pili mgawanye, maana maji yaliyosimama yanazaa mbu. Migomba ikianza kuungua ncha za majani, kisima kina chumvi nyingi. Hapo wekeni minazi, inavumilia.

Mwenye kudeki atumie dawa kidogo na siku hiyo maji yaelekezwe kwingine.

---

Mchunaji_wa_Haki

Sasa udhia. Naandika kwa urefu kwa sababu hapa ndipo penye makosa makubwa, na makosa yake yanaingia kisimani.

Umri kwanza, kwa Shafii: kondoo aliyetimiza mwaka 1 au aliyeng'oa meno ya mbele kabla ya hapo, mbuzi aliyetimiza miaka 2, ng'ombe miaka 2, ngamia miaka 5. Mbuzi ni wa mtu mmoja, ng'ombe na ngamia ni hisa 7. Chongo, kilema, mgonjwa na aliyekonda mpaka mifupa haina uboho hawafai. Wafanyabiashara wanaleta mbuzi wa mwaka mmoja mnene na kusema "huyu mkubwa". Fungueni mdomo, hesabuni meno.

Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 akiwa hai hutoa kama kilo 125 zikiwa na mifupa. Gawa kwa 7 ni chini kidogo ya kilo 18 kila hisa. Waambieni wenye hisa hilo kabla, maana ugomvi wote wa siku ya Idi unatokana na mtu aliyetarajia kilo 30.

Muda wa kuchinja unaanza jua likishachomoza na kupita kadiri ya rakaa mbili na hotuba mbili, unaendelea mpaka jua la tarehe 13 Mfunguo Tatu (Dhulhija) linapozama. Ni siku nne. Wengine wanasema tatu. Kamati zinang'ang'ania kumaliza wote asubuhi ya kwanza, wachunaji wanne kwa ng'ombe kumi. Matokeo yake ngozi zimetobolewa, nyama imelala juani, damu imefurika shimoni. Gaweni: siku ya kwanza theluthi, ya pili theluthi, ya tatu theluthi. Na maskini atapata nyama mbichi siku tatu badala ya kupata kilo sita siku moja, na jokofu hana.

Usiku wa kuamkia kuchinja mnyama apewe maji tu, asipewe majani kwa saa 12. Tumbo linapungua, ngozi inachunika vizuri, hatari ya kutoboa utumbo na kuchafua nyama inashuka. Kisu kinolewe mbali naye, na asichinjwe mbele ya mwenzake.

Mwite mkaguzi wa nyama mapema. Mapafu au maini yenye malengelenge ya maji yachomwe au yafukiwe kina, mbwa wasipewe kabisa, maana mbwa ndiye anayeurudisha ugonjwa huo kwa watoto. Mvua zikizidi kuna pia homa ya Bonde la Ufa, ile iliyopita Kenya na Tanzania 2006 na 2007. Mkisikia mifugo inatupa mimba sehemu mnayonunua, msinunue huko. Anayechinja na kuchuna ndiye wa kwanza kuambukizwa, kwa damu.

Malipo: mchinjaji halipwi kwa nyama wala kwa ngozi. Sayyidna Ali aliamrishwa asimpe mchinjaji chochote cha mnyama kama ujira. Tengeni fedha yake pembeni kwenye bajeti. Ukimlipa kwanza kwa fedha, ukampa na fungu kwa sababu naye ni mhitaji, hapo ni sadaka.

---

Kipozi

Mkuu na ngozi je? Kwetu zinatupwa zote jaani.

---

Mchunaji_wa_Haki

Ngozi mwenye udhia haiuzi. Anaitumia au anaitoa sadaka. Itoeni kwa mtu au taasisi ya wahitaji, wao wakishaimiliki wanaweza kuiuza. Ila ngozi iliyooza haina mnunuzi, na kwa joto letu inaanza kuoza ndani ya saa chache.

Ichunwe kwa ngumi, si kwa kisu, baada ya ule mpasuo wa kwanza. Ondoeni vipande vya nyama na mafuta. Iosheni damu, itundikeni nusu saa ichuruzike, isiachwe juani. Kisha itandazeni upande wa nyama juu, mwageni chumvi ya mawe iliyosagwa, uzito wa theluthi moja hadi nusu ya uzito wa ngozi. Ngozi ya mbuzi ya kilo 2 inataka karibu kilo 1 ya chumvi. Isugueni mpaka shingoni na miguuni, hapo ndipo panapoanza kunuka na ndipo watu wanaposahau. Ya pili iwekwe juu ya ya kwanza, hivyo hivyo, juu ya chaga yenye mteremko ili maji yatoke. Fukieni maji hayo ya chumvi mbali na miti.

Yote hayo yafanyike ndani ya saa 4 tangu kuchinja. Zikipita sita nywele zinang'oka zenyewe ukizivuta, na hapo hiyo ngozi ifukieni tu.

---

Bi_Ukili

Kuhusu kugawia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, lakini siku ya Idi bado inaonekana mitaroni. Sukeni mapakacha. Kuti moja la mnazi lililopasuliwa katikati linatoa mawili madogo. Yasukwe kuti likiwa bichi, siku mbili kabla, yakikauka yanavunjika. Ndani tandikeni jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto kidogo ili lisipasuke. Kilo mbili na nusu za nyama zinakaa bila kuvuja. Au mtangaze Ijumaa kwamba kila nyumba ije na bakuli lenye kifuniko. Hilo halina gharama kabisa.

Na fungu la fukara liwe nyama mbichi, lenye nyama ndani, sio kichwa na miguu tu.

---

Mbolea_ya_Vuli

Mchunaji ametaja damu akapita. Niichukue.

Mbuzi hutoa damu kama lita 1, ng'ombe wa kienyeji lita 8 hadi 12. Tumbo la ng'ombe lina majani yaliyotafunwa kilo 30 na zaidi. Hayo majani ni mali, msiyafukie. Changanyeni sehemu 1 ya majani ya tumboni na sehemu 3 za majani makavu au vumbi la mbao, rundo lifike urefu wa mita 1, funikeni kwa makuti. Geuzeni baada ya wiki mbili, halafu kila wiki mbili. Likinuka, limelowa sana, ongezeni makavu. Lisipopata joto kabisa, limekauka au ni dogo. Idi ya kuchinja ya 2026 iko mwishoni mwa Mei, mbolea inaiva Agosti, mnachimba mashimo ya miti Septemba, vuli ikianza Oktoba mnapanda. Kalenda inajipanga yenyewe.

Shimo la mti sentimita 60 kila upande, ndoo moja ya mbolea hiyo ichanganywe na udongo wa juu. Mkungu na mwembe kwa kivuli. Mwarobaini ni mgumu na unakua haraka, lakini uwekeni mbali na birika na msingi, mizizi yake inafuata maji. Hadithi inasema Mwislamu akipanda mti, akala humo ndege, mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Lakini siku ya kupanda tamkeni na muandike: matunda ni ya wapita njia, au yanauzwa kwa gharama za msikiti? Wakfu usiotaja hilo unazaa kesi embe la kwanza likiiva.

Damu na utumbo: kwa ng'ombe 1 na mbuzi 10, shimo la mita 1 kwa 1, kina mita 1.5. Mbali na kisima mita 30 au zaidi, upande wa mteremko ulio chini ya kisima. Kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1.5. Funikeni kwa udongo sentimita 60, ushindiliwe, juu mawe ili mbwa wasifukue. Kila mnyama akimaliza kuchinjwa, tupieni tabaka la majivu au udongo, msingoje mwisho wa siku. Visiwani kwenye mwamba wa matumbawe ongezeni umbali, maji yanakimbia kwenye nyufa na mita 30 ni karibu sana.

---

Ngarawa_ya_Misali

Wakuu mmesema bara, bahari nayo imo. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, jina lake linatokana na msala. Masimulizi ya Pemba yanasema alipita Nabii Hadhara akaomba msala wa kusalia, ulipokosekana akakitumia kisiwa chenyewe. Mwaka 1998 kilifanywa eneo la hifadhi, na baada ya hapo masheikh wakaingia kazini kufundisha wavuvi kwa lugha ya amana, mizani na ukhalifa (mwanadamu kuwa msimamizi wa ardhi kwa niaba ya Mungu) badala ya lugha ya faini. Aya ya 41 ya Suratur Rum, ya ufisadi kudhihiri bara na baharini, mvuvi anaielewa kuliko bango la serikali, kwa sababu anayaona matumbawe yaliyovunjwa na baruti.

Kwa kamati za vijiji vya wavuvi: hotuba moja kabla ya kila Idi itaje zana kwa majina yake, baruti, juya linalokokotwa juu ya matumbawe, nyavu za matundu madogo. Hotuba ya jumla ya "tutunze mazingira" haimgusi mtu. Na utumbo wa udhia usitupwe ufukweni kwa hoja kwamba maji yatachukua. Maji yanaurudisha.

---

Kipozi

MwenyePishi, kwa haraka: zaka ya mpunga na karafuu?

---

MwenyePishi

Nisabu ya nafaka, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ni wasaki 5, kila wasaki pishi 60, jumla pishi 300, ambazo kwa hesabu iliyozoeleka ni kama kilo 653. Mpunga ukiwekwa na maganda yake, kwa Shafii nisabu ni wasaki 10, kwa sababu nusu ni ganda. Uliomwagiliwa na mvua unatoa sehemu ya kumi, uliomwagiliwa kwa mashine au gharama nusu ya hiyo. Karafuu si chakula cha akiba, haina zaka ya mazao kwa Shafii. Mwenye kuifanyia biashara anatoa zaka ya biashara, asilimia 2.5, mwaka ukitimia. Wanaotaka kutoa karafuu yao shambani sadaka, mlango uko wazi.

---

Bi_Ukili

Nina la mwisho, ni la haraka kwa Mbolea_ya_Vuli. Shimo la udhia tumelichimba wiki hii kujaribu. Kwa kina cha mita 1 na robo maji yameanza kutoka. Masika bado hayajaisha na kisima cha madrasa kiko mita 40. Tufanye nini?

---

Mbolea_ya_Vuli

Lifukieni hilo leo, kwa udongo safi, msitie kitu. Hapo hapafai mpaka kiangazi.

Kuna njia mbili. Mkiwa na kiwanja cha juu, hata cha mwenye shamba aliye kilomita mbili, ombeni ruhusa na muchinjie huko huko, nyama ndiyo isafiri. Ni rahisi kuliko kusafirisha damu. Mkikosa, chinjieni msikitini juu ya turubai nzito lenye kingo zilizoinuliwa kwa magogo, vumbi la mbao likiwa limetandazwa kina cha kiganja. Vumbi linanywa damu. Kwa ng'ombe mmoja wekeni magunia matatu, na moja la akiba. Kila mnyama akitoka, koleo linakusanya, linaingia kwenye rundo la mbolea pamoja na majani ya tumboni, juu linafunikwa makavu unene wa kiganja na makuti dhidi ya mvua. Rundo liwe juu ya ardhi iliyoinuka, na mtaro mdogo kulizunguka. Utumbo wenyewe tieni kwenye mapipa yenye mifuniko, na gari lipangwe mapema liupeleke kwenye shimo la machinjio ya mji siku hiyo hiyo.

Vumbi la mbao liagizeni kwa maseremala sasa, wiki ya Idi halipatikani. Na kisima cha madrasa kifunikeni siku zote nne.